Mtungi wa Nyuma ya Mlango

Vijana mtakaosoma haya, nawasalimu kwa jina la Yesu. Bwana asifiwe, hata na aliyechoka kama mimi! Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nasema wazi.

Ndugu zangu, nilikuwa na roho ngumu. Miaka yote hapa Chaani niliimba kanisani na moyo ni jiwe. Binti yangu Kadzo, mama wa watoto watatu, hakuwa hivyo. Kwetu mfereji ukikauka, hukauka wiki nzima. Lakini Kadzo aliweka mtungi mmoja wa manjano nyuma ya mlango, umejaa, hauguswi. Ulikuwa wa msiba. Kilio kikisikika jirani, Mkristo au Mwislamu, yeye alikuwa wa kwanza kufika na maji.

"Mama, wafiwa hawapangi foleni," aliniambia.

"Wee Kadzo! Sisi twanuka jasho, wewe wawawekea maji watu ambao hawajafa!"

"Basi oga kwa kikombe, mama." Akacheka.

Jumamosi moja yuko kibaruani, nikafulia leso zangu na gauni la kanisani kwa maji yale. Nikaurudisha mtungi mtupu, nikanyamaza. Alasiri ile ile akafariki mume wa Bi Mwanaisha, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Kadzo akaja mbio, akauinua mtungi, ukamjia mwepesi. Akaitazama kamba ya nguo. Akaenda akiomba maji mlango kwa mlango hadi ukajaa, maiti akaoshwa.

Ndugu zangu, sikuomba radhi! Nilijiambia mzazi hamwombi mtoto radhi. Siku zikapita, miezi ikapita. Kadzo akaugua, akafa, lile neno likiwa bado kooni mwangu.

Siku ya msiba wetu nyumba ilijaa watu, maji hakuna. Nani angejaza mtungi, na mwenyewe amelala? Nikakaa chini, nimeisha kabisa. Ndipo Bi Mwanaisha akaingia na mtungi kichwani, umejaa pomoni. Akautua mbele yangu.

"Pole, dada. Kadzo ndiye aliyenifunza."

Nikamkiria yote palepale, mbele ya watu.

"Nilijua," akasema. "Leso zako zilikuwa zadondoka maji uani siku ile."

Akanishika mkono. Jiwe likavunjika, ndugu zangu! Nililia, nikamwomba Mungu msamaha, na Kadzo pia, ingawa hasikii tena. Yesu amenifungua. Kuchoka bado nimechoka. Magoti yauma, na watoto watatu wataka uji kila asubuhi. Lakini nalala bila lile neno kooni. Namshukuru Mungu kwa kunipa Kadzo, japo nilimjua nimechelewa.

Wewe kijana uliye na radhi ambayo hujaiomba, mtegemee Yesu, uende leo, mwenzio angali asikia.

Tuliporudi kutoka kuzika, niliwaita wajukuu, nikawasimamisha mbele ya mtungi wa Kadzo, nikawaamuru: "Huu ni wa msiba. Ukitoka leo, ujazwe leo. Haufuliwi nguo, haukogewi. Na nyanya yenu akiuomba, mnyimeni."