Futari ya Tajiri

Jirani yangu Mwanamkisi aliwahi kuniuliza: "Mtu akifanyizwa kazi kupita saa zake asilipwe, ashitaki wapi?"  Jibu nilikuja kulisikia mashuani, tukitoka Mtangawanda kwenda Amu.

Twahir, mpakizi wa boriti, alikuwa akimweleza abiria mwenziwe kwamba Ramadhani nzima kazi ikiisha alasiri, tajiri wao aliwazuia waendelee kupakia hadi magharibi bila ujira wa ziada.

"Wakili wa Mombasa atakumaliza, Bwana," alisema yule mwenziwe, mwenye kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono. "Utamlipa kuliko unachodai. Nenda kwa Dii Sii, mkuu wa wilaya, hatozi kitu. Lakini tajiri atasema alikulipa kwa ile futari aliyotulisha."

"Futari ni sadaka! Ataka thawabu kwa Mngu, na jasho langu pia?"

Nilivuta buibui usoni nisionekane nikicheka.

"Basi tafuta shahidi aliyekula pale," alisema mwenye kofia. " Mimi nafanya kazi ghalani kwake hadi leo. Zile tambi nilizila kila siku, na ziada sikuiona."

"Alhamdulillahi! Shahidi ni wewe. Tukishuka, twende pamoja."

Mashua ikagusa gati. Yule mwenye kofia akaokota kikapu chake, akashuka wa kwanza, akapotea katikati ya watu.