Mama Pini: Maisha Yaliyosomwa Taratibu

Bibi yetu, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pini, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa nne kati ya saba wa fundi seremala na mama muuza maziwa. Dada zake walisimulia kwamba siku hiyo alilia kwa pumzi moja ndefu mpaka mkunga akakaa chini kumsubiri.

Alianza shule mwaka 1955, akamaliza 1962. Darasa la tano alipewa shairi asome mbele ya wazazi. Alilikimbiza, akamaliza wageni wengine wakiwa bado wanatafuta viti. Mwalimu akamuuliza, "Mwanangu, umesoma au umepiga chafya?" Kicheko cha siku ile kilimkaa rohoni.

Dawa aliipata kazini. Mwaka 1964, akijifunza ushonaji, aliona kitambaa kisichobanwa kwa pini kinateleza na mshono unakwenda upande. Akawaza: na maneno je? Akachomeka pini kwenye karatasi ya shairi, kila mahali pa kupumua. Kidole kikigusa pini, mdomo unatulia. Tangu hapo, kila Jumamosi saa kumi alasiri, kwa zaidi ya miaka arobaini, alifunika cherehani akawasomea wateja mashairi. Waliofuata nguo walikaa. Wasio na nguo walikuja pia.

Mmoja wao alikuwa fundi redio aliyeleta suruali ipunguzwe. Bibi alipotulia kwenye pini, jamaa akadhani shairi limekwisha, akapiga makofi peke yake. "Kaka, sijamaliza," Bibi akamwambia. Aibu yake! Wiki iliyofuata akarudi kusikia mwisho, na suruali ile ile, eti bado ndefu. Walioana tarehe 9 Desemba 1972. Mpaka leo Babu hapigi makofi popote kabla hajaangalia wenzake kwanza.

Uzeeni Bibi alitutumia mashairi kwa sauti kwenye grupu la familia. Nakiri mbele yenu: mimi, mjukuu wake wa tatu, nilikuwa nayasikiliza kwa spidi mara mbili. Siku moja alinifuma, sauti yake ikitoka kama panya aliyechelewa harusini. "Unanikimbiza unanipeleka wapi?" aliuliza. Adhabu yangu ndiyo hii: niandike wasifu wake na niusome mwenyewe, taratibu. "Ukiukimbiza naamka, na utanieleza."

Mapafu yalianza kumsumbua Agosti 2023. Hakuacha kusoma, alisogeza tu pini karibu karibu: maneno matatu, pini, maneno mawili, pini. Wodini muuguzi akamnyang'anya karatasi na pini zake. "Mama, hizi haziruhusiwi kitandani."

"Basi zishike wewe, mwanangu. Nikifika penye pini, nifinye."

Muuguzi alimfinya shairi zima, mistari kumi na sita. Wodi nzima ikapiga makofi, tena mwishoni kabisa.

Mwezi uliopita nilimsomea wasifu huu mpaka hapo, naye akachomeka pini kwenye nakala hii niliyoshika. Ninyi wenye karatasi zilizochapwa hamzioni. Kila mlipoona nimenyamaza, sikuwa nimepotea, nilikuwa nimefika kwenye pini.

Kuanzia hapa hakuna pini.

Bibi alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka 77, Babu amemshika mkono. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanane, na kitukuu mmoja ambaye naye hulia kwa pumzi moja, kwa hiyo kazi iliyo mbele yetu tunaijua.

Sehemu hii ya mwisho nilitamani niipitie mbio, kabla sauti haijanikatika. Lakini nimekwenda pole pole, Bibi, wala hukuhitaji kuamka. Endelea kupumzika kwa amani.

Babu, sasa nimemaliza. Piga makofi.