Daraja Linalotulia Kwenye Kompyuta

Kijiwe cha Mama Kahawa kiko nje ya kibanda cha kinyozi: benchi moja refu, lenye msumari unaochana suruali za wasiojua pa kukaa. Ukikaa hapo unaliona daraja jipya la waenda kwa miguu juu ya reli, bado limezungushiwa kamba. Kesho linafunguliwa. Jioni ile Nondo, kijana wa ofisi ya wahandisi aliyelifanyia hesabu, alikishika kikombe mpaka kahawa ikapoa.

— Mafundi wanasema linachezacheza, alisema Kinyozi.

— Kwenye kompyuta yangu linatulia, Nondo alijibu.

— Sasa umenunia nini?

— Linatulia kwa sababu nimeliambia litulie. Kuna namba ya kusema mtikisiko ufifie upesi kiasi gani. Ofisini kwetu tunanakili faili la kazi iliyopita, tunaendelea. Namba niliyoikuta humo ni ya jengo la zege. Hili ni chuma. Chuma kikianza kucheza, hakinyamazi mapema.

Breki, dereva mstaafu, akatikisa kichwa.

— Samaki mkunje angali mbichi. Chuma hicho walikipinda kikiwa kizee.

— Wapi, alisema Kinyozi. Ni treni. Zinapita chini yake kutwa, na chenyewe kinajifunza kutetemeka. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Si hilo tu, Nondo akasema. Kompyuta hailitazami daraja muda wote, inalipiga picha. Ukiziachanisha picha mno, ni kama kumpiga picha mtoto aliye kwenye bembea: kila picha inamkuta katikati, unaapa hajawahi kwenda juu. Mimi nimeziachanisha.

— Zisogeze karibu basi, alisema Kinyozi.

— Zitachukua siku kadhaa. Mkuu wa ofisi yetu anataka majibu leo. Nimemweleza yote, kanijibu wageni wameshaalikwa.

Breki akawaza.

— Siku ya kwanza wapitishe jeneza. Watu wa mazishi hawana papara, na mwenda pole hajikwai.

Hakuna aliyecheka. Mama Kahawa alisema asisikie tena habari za jeneza kwenye benchi lake.

Mwanamke mmoja mwenye sare ya wafagiaji alikuwa amesimama anangoja kikombe. Hawakuwa wakimfahamu.

— Samahani, kaka zangu. Binti yangu anasoma ng'ambo ya reli. Kesho apite darajani, au azunguke kama siku zote?

Kinyozi akamtazama Breki. Breki akamtazama Nondo.

— Wewe kaka, si ndiye mwenye hesabu? Ungekuwa na mtoto, ungempitisha?

Nondo hakuwa na mtoto. Alijikuta anashukuru kwa hilo, na shukrani hiyo ikamtia aibu kuliko namba zote alizoziweka. Simu ikaita mfukoni. Alijua ni Mkuu. Mwanamke alikuwa bado anamtazama, kwa adabu, kama mtu aliyezoea kungoja majibu ya wasomi.

Simu ikaendelea kuita.