Minna Sobczak na Jumatano ya Maonyesho Mawili

Jumapili ya tarehe 12 Juni 1977, pazia la mchana litakaposhuka, Bi. Wilhelmina Sobczak, ambaye hapa kwenye jumba letu la maonyesho la Carrick hakuna aliyewahi kumwita zaidi ya Minna, atastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya kuwavisha waigizaji. Alipoajiriwa mwaka 1939 alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, ametoka Scranton na sanduku moja. Alimwahidi mkuu wa mavazi kwamba angekaa msimu mmoja tu, na hiyo ndiyo ahadi pekee tunayojua kwamba aliivunja.

Wenzetu wa ofisi ya juu ambao hawajawahi kushuka nyuma ya jukwaa huenda hawajui mvishaji anafanya nini. Anasimama gizani, pini zimejaa kwenye mkono wa blauzi yake, kurunzi ndogo ameing'ata kwa meno. Nyota anatoka jukwaani mbio akiwa na koti la mvua na kurudi akiwa na gauni la shanga, na baina ya hapo orkesta inapiga sekunde kumi na tisa. Minna alizitumia kumi na sita. Tatu zilizobaki alimpa nyota anywe maji.

Wengi wenu mnamkumbuka kwa ule mchezo wetu wa Shangazi, kichekesho cha nyimbo kilichotuweka mjini kuanzia 1956 hadi 1959: mwanamke mstaafu wa sarakasi anaachiwa mtoto wa kaka yake, anamlea kwa namna yake, benki inampeleka mahakamani, naye anashinda kesi kwa kuimba. Usiku mmoja zipu ya Verena Holloway, nyota wetu aliyekuwa Shangazi, ilikatika kabla ya onyesho la mahakama. Minna akaishona hapo hapo gizani, na kwa haraka akaushonea humo humo mkono wa blauzi yake mwenyewe. Wakaingia jukwaani wote wawili, kama ng'ombe na kamba. Verena hakupepesa macho. Akamgeukia hakimu akasema, "Na huyu ndiye shahidi wangu." Watu elfu moja na mia mbili walicheka mpaka wakalia, na Minna akakaa kwenye benchi la mashahidi hadi wimbo ukaisha, kurunzi bado mdomoni.

Ningependa kuendelea na vituko vya namna hiyo hadi ukurasa uishe. Lakini nilipomwambia nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake, alinikatiza. "We Abner, ukiandika habari za pini tupu usiniletee nisome. Andika habari za Lyle, zote. Na wewe mwenyewe usijifiche."

Lyle Pruett alikuwa mtoto wa tatu kuigiza mpwa wa Shangazi. Alikuwa na miaka tisa alipokuja kwetu. Mama yake, mnenguaji, aliondoka na bendi kwenda Miami kwa wiki mbili, na hatukumwona tena. Minna hakuuliza mtu. Alimchukua mtoto akaenda naye kwenye chumba chake kimoja juu ya duka la mikate, Barabara ya Tisa, na kesho yake akamleta kazini amechanwa nywele.

Alimlea kwa namna yake. Mtoto alifanya kazi zake za shule juu ya meza ya kupigia pasi na kuoga kwenye beseni la kufulia mavazi. Alijifunza hesabu kwa shanga za gauni la Verena. Siku moja alimwita mwalimu mkuu wake "kipenzi", kama anavyosikia watu wakiitana hapa kwetu, na Minna akaitwa shuleni. Alirudi anacheka hata kushika sindano hawezi.

Lakini mtoto wa mchezo huu ana kimo chake. Mkataba ulisema asizidi futi nne na inchi tisa, maana akilifikia bega la nyota kichekesho kinakufa. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi mimi, msimamizi wa jukwaa, niliwapima watoto kwenye ukuta wa chumba cha viatu. Minna alijua kitakachotokea. Akabandua visigino vya viatu vya Lyle. Akamfundisha kushusha pumzi na kulegeza magoti. Akasikia kwamba kahawa humdumaza mtoto, basi akamnywesha kahawa asubuhi na mchana, mtoto akawa anaruka kama panzi, na bado anarefuka. Kwa miezi minne nilijifanya sioni magoti. Mwezi wa tano mtayarishaji mwenyewe alisimama nyuma yangu, nikamwambia Lyle anyooke. Inchi tisa na nusu.

Kazi ya Lyle ilipokwisha, kibali chake cha kazi kilirudishwa ofisi za jiji, na afisa wa ustawi wa jamii akauliza mtoto analala wapi na kwa nani. Akapatikana mjomba huko Nebraska mwenye shamba na mke. Kesi ya kuamua mtoto akae na nani ikapangwa saa nane mchana, tarehe 22 Oktoba 1958. Ilikuwa Jumatano.

Siku iliyotangulia Minna alikuja mezani kwangu. "Abner, nataka watu. Hata watatu. Waje waseme tu kwamba mtoto anakula, anasoma, ana mtu."

"Kesho ni Jumatano, Minna. Tuna maonyesho mawili."

"Kwani nimekuja mjini jana? Najua. Nakuomba."

"Nikimruhusu mmoja nitawaruhusu wote."

Alinitazama kama anatazama nguo asiyojua itaokolewaje. Kisha akasema, "Basi, onyesho la mchana mnitafutie mtu. La jioni nitakuwepo."

Walikuwepo waliokuwa tayari kwenda. Verena alikuwa tayari kwenda. Mimi nikawaambia kwamba pazia halijawahi kukosa kupanda katika jumba hili, na nilisema hivyo kwa fahari. Basi saa nane mchana ile tulikuwa hapa sote, na tulipofika kwenye onyesho la mahakama waigizaji arobaini walijaa kwenye mabenchi yetu ya mbao kumwimbia Shangazi. Mtaa wa chini, mahakamani, Minna alikaa peke yake. Hakimu aliuliza kama ameolewa, kama ni ndugu wa damu, kama jioni yuko nyumbani. Alitumia dakika kumi na moja, kisha mtoto akapewa mjomba.

Saa moja na nusu jioni Minna alitia saini kwenye daftari la mahudhurio. Verena alipotoka jukwaani mbio kubadilisha gauni alimnong'oneza, "Vipi?" Minna akamwambia, "Geuka." Zilikwenda sekunde kumi na sita. Baada ya hapo alimvisha kwa onyesho lile lile la ushindi kila jioni, na mara mbili kila Jumatano, hadi mchezo ulipofungwa Juni iliyofuata. Sijui aliwezaje. Sikuwahi kumuuliza, na hilo nalo linaniuma.

Amefundisha wavishaji kumi na wanne. Hakukosa kazi tena hata siku moja. Barua alizomwandikia mtoto zilirudi bila kufunguliwa, na mwaka 1963 akaacha kuandika.

Minna, kuna jambo hulijui, na nakiri sina ujasiri wa kukuambia usoni. Mwezi wa Aprili nilimpata Lyle kwa simu. Anaendesha malori ya nafaka, ana miaka ishirini na tisa. Nilimwomba aje kwenye sherehe yako. Akasema, "Mimi nilikuwepo mahakamani siku ile, mzee. Niligeuka kutazama nyuma, mabenchi yalikuwa matupu. Nikajua basi, hamnitaki. Minna alikuwa ananitunza kwa huruma tu." Nilimweleza habari za Jumatano. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyewazuia, kwamba walitaka kuja, kwamba barua zako ziliandikwa na kurudishwa. Alisikiliza yote. "Ungenipigia nikiwa na miaka kumi," akasema. "Sasa nimeshazoea. Mwambie sina kinyongo, lakini siji."

Hicho ndicho kilichopatikana. Nilitamani kukuletea kingine.

Juzi chama chetu cha wafanyakazi kilirudisha fomu yako ya pensheni, kwa sababu pale panapotakiwa jamaa wa karibu uliandika jina la Lyle Pruett bila anwani. Anwani sasa tunayo. Nimeijaza kwa mkono wangu na kuirudisha, na kama nimekosea utanisema.

Kwa niaba ya wote wa Carrick, walio jukwaani na walio gizani, asante kwa miaka thelathini na minane. Tunakutakia yaliyobaki yawe mema, Minna. Nakutakia na mimi, niliyekuharibia yaliyopita.

Abner Gelb
Msimamizi wa Jukwaa