Muite Rémy

Sogeeni karibu, wanangu, na weye Gaspard zima hiyo redio, kwa maana sauti yangu iko inakwisha na ombi nililobaki nalo ni moja tu: mutoto ambaye muke wako Generose anamubeba tumboni, akiwa wa kiume, mumuite Rémy. Akiwa wa kike, mungoje mwingine.

Najua mutakunja sura. Kaka zangu, wajomba zenu, wamewaambia kwamba jina hilo halirudiwi, kwamba Rémy alikufa kifo kibaya. Basi sikieni kwangu minye Honorine, dada yake, niliyemulea tangu mama alipotutoka, nikamubeba mugongoni nikianika ndagala, samaki wadogo wa ziwa letu, kwenye muchanga.

Alikuwa mucheshi, hana haya hata kidogo. Alipiga ngoma misani asubuhi, na mchana akaiba machungwa ya mapadri. Mwaka wa sitini na nne, uasi ulipofika Uvira, akawafuata vijana wenzake, akanyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisimuingie, na sharti lilikuwa asiguswe na muntu asiyenyunyiziwa. Walipopita hapa Rugenge wakienda kupigana na askari wa serikali kule Bwegera, nikamuona, majani kichwani, suruali ya muntu mwingine imefungwa kwa kamba, amekonda sana. Nikamukumbatia. Akasema, "Dada, umeniharibia dawa," lakini alikuwa anacheka, na hakuniachilia mpaka mukubwa wao alipomuita.

Hakurudi. Waliorudi wakasema mikono yangu ndiyo iliyomuua, na kaka zangu wakaamini, wakakataza jina lake. Lakini siku ile walikufa vijana wengi, wanangu, na hao hakuna dada aliyewagusa. Minye sijutii. Nilimupenda, na ningemuona tena ningemukumbatia tena.

Nyumba ni yenu wote. Shamba la muhogo, Gaspard, umuachie dada yako Célestine, weye jembe hulipendi. Wajomba wakija kwenye matanga na maneno yao, muwape kiti, muwape bugali na sombe ya majani ya muhogo, lakini jina musiwaachie.

Mungu awalinde, awape watoto watakaowazika, si ninyi kuwazika wao. Ngoja… nipumue.

Tangu mwaka ule sijasikia muntu akiliita jina lile ndani ya nyumba. Gaspard, liite. Kwa nguvu, baba, masikio yangu yamechoka… Ndiyo. Hivyo hivyo. Ndivyo nilivyokuwa namuita atoke ziwani, aje kula.