Tryphosa Bitutu, Opareta wa Kiwanda cha Majani Chai

Mchungaji, wazee wetu, akina mama, na ninyi wenzake wa kiwandani ambao magari yenu yamekwama kwenye tope letu, poleni na karibuni, mimi ni Nyamongo, mdogo wake Nyangau aliyefiwa na mkewe, familia imenituma niwasomee maisha ya shemeji yangu, na sauti ikinikatika naomba mnivumilie.

Marehemu Tryphosa Bitutu alizaliwa tarehe 14 Machi 1944, karibu na Nyamira, binti wa pili wa Mzee Onchiri na Mama Bathsheba, akaanza shule mwaka 1952, akamalizia darasa la nane Nyanchwa mwaka 1960, na walimu walimsifu kwa uimbaji na kwa kumbukumbu, maana ukimwambia jambo leo, mwakani alikurudishia vilevile ulivyolisema, hata kama wewe mwenyewe umeshalikana.

Mwaka 1963 alikwenda Nairobi kujifunza kazi ya opareta wa simu, akarudi akaketi kwenye swichibodi ya posta mjini Kisii, na huko ndiko kaka yangu, fundi wa magari, alikoanza kupiga simu zisizo na maana yoyote ilimradi amsikie, wakafunga ndoa Jumapili tarehe 20 Agosti 1967, Mungu akawajalia Drusilla mwaka 1968, Okemwa mwaka 1970, na Persis mwaka 1974, huyo mdogo ambaye tangu juzi anatuuliza mama atarudi lini.

Januari 1971 kiwanda chetu kiliwekewa swichibodi, naye akaajiriwa hapo, na ninyi wakulima mnakumbuka hali ilivyokuwa, lori lilizunguka vituo vya kukusanyia majani kama linapiga ramli, linafika hapa linakuta patupu, huku kituo kingine majani yamesongamana kwenye magunia, yanapata joto, yanageuka mekundu, na majani yakishaungua hivyo hayawi chai tena, yanamwagwa. Bitutu ndiye aliyemshawishi meneja simu ifungwe katika kila kituo, mwenyekiti aseme ana magunia mangapi, na dereva kila anapofika aulize kiwandani aelekee wapi, na kabla ya msimu kwisha kumwaga majani kukawa hadithi ya zamani, isipokuwa kituo kimoja, nacho ni cha hapa kwetu, ambacho mwenyekiti wake ni baba yetu, Mzee Machogu.

Wageni waelewe kwamba sisi tuna chinsoni, yaani heshima inayomtenga mtu na mke wa mwanawe, hawashikani mikono, hawakaribiani, wala mke halitamki jina la baba mkwe, na Mzee alipoelezwa kwamba opareta ni Bitutu alisema afadhali afe kuliko kuiweka midomo ya mke wa mwanawe ndani ya sikio lake. Siku ya kwanza simu ilipolia aliishika, Bitutu alitakiwa na kanuni ya kazi amtaje anayemtafuta, jina hakuweza kulitamka, wakasikilizana wakihema, kisha Mzee akairudisha simu mahali pake kama mtu aliyeshika kaa la moto. Lori likaenda kwingine, magunia yetu yakaungua, na mama zetu waliochuma kwenye mvua tangu alfajiri wakayamwaga korongoni huku wakilia, jamani, na mkaguzi akatuonya kwamba ikitokea tena kituo kitafungwa.

Jumapili iliyofuata Bitutu alikuja nyumbani, hakugombana na mtu, alipita jikoni kwa mama yetu Nyanchera, ambaye hajawahi kuketi darasani, akamfundisha kupokea simu kwa kushika mwiko sikioni, na tangu hapo Mama ndiye aliyesema na kiwanda, Mzee amesimama pembeni akifoka kwamba umwambie huyo magunia ni thelathini na alete lori upesi, sauti ikifika kiwandani kabla Mama hajafungua mdomo. Tulicheka sana, lakini kituo kilipona, na wanangu wawili wamesoma kwa majani hayo.

Mwezi wa Juni 1978 marehemu alianza kuvimba miguu, ikagunduliwa ni figo, akalazwa hospitali ya Kisii tarehe 9 Oktoba, na nilipokuwa naandika haya Mzee aliniita akaniagiza niyasome yanayofuata, kwa kuwa yeye hawezi kusimama mbele ya jeneza la mke wa mwanawe. Jumapili tarehe 5 Novemba Mzee alikwenda kituoni peke yake, akainua simu kwa mkono wake, akaomba aunganishwe na hospitali, wauguzi wakasogeza kitanda hadi ilipo simu, naye akasema kwamba ni yeye, Machogu, na anamwita mwanawe Bitutu. Homa ilikuwa imempanda Bitutu, akadhani yuko kazini, akamuuliza ana magunia mangapi, na baba yetu, kituo kikiwa kimefungwa kwa Jumapili na hakuna hata jani moja, alijibu kwamba ni mengi, mwanangu, ni mengi sana, naye Bitutu akamwambia asiwe na wasiwasi, lori liko njiani.

Alifariki Jumanne tarehe 7 Novemba, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari, na hasa wauguzi waliokisukuma kitanda kile, majirani mliotuletea kuni, maji na ndizi bila kuitwa, meneja na wafanyakazi wa kiwanda, na madereva mlioacha malori leo ili mje mmbebe, Mungu awalipe, sisi hatuwezi. Bitutu, mke wetu, baba yako Machogu ameketi pale nyuma ya nyumba, amefunika uso kwa koti, anakulilia kwa sauti, pumzika kwa amani, mama.