Fundi Bomba wa Gredi ya Tano

Marehemu, fundi bomba ambaye wengi wenu mlimwita Profesa kwa kumcheka, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na kiwanda cha sabuni. Walizaliwa wawili tu. Mkubwa ni kaka yake, aliyeketi hapa mbele, ambaye juzi alishauri kwamba wasifu uwe mfupi na "hayo mambo ya kinanda yaachwe, tusije tukachekwa." Wasifu umeandikwa na kifungua mimba wa marehemu, na ndiye anayeusoma. Ushauri wa baba mkubwa umesikika.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970 na akamaliza darasa la saba akiwa wa tatu darasani. Hakuendelea. Nyumba ile ilikuwa na nafasi ya mtoto mmoja wa kusoma na mmoja wa kufanya kazi, na ya kusoma ilikuwa imeshachukuliwa. Januari 1971, akiwa na miaka kumi na mitatu, alikabidhiwa kwa fundi bomba mmoja mkali wa ulimi na mwepesi wa kofi, akafundishwa kazi.

Kazi hiyo aliifanya miaka arobaini na minane. Mji huu aliujua kwa chini: masinki, makaro, mabomba yanayovuja nyuma ya makabati ya watu wenye heshima zao. Ncha ya kidole chake cha shahada ililiwa na bomba la chuma mwaka 1979. Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na mama yetu, wakajaliwa watoto watatu, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kulala njaa au kufukuzwa shule.

Sasa kinanda. Juni 2008 aliitwa kwenye shule ya muziki kuunga bomba lililopasuka chini ya sinki. Akiwa anasubiri gundi ikauke, alinawa mikono kwa sabuni, akaketi kwenye kinanda kilichokuwa chumbani humo, akabonyeza mara moja. Mwalimu, binti wa rika la watoto wake, akamkuta hapo. Marehemu akasimama kama mwizi.

"Samahani, mwalimu. Hivi mtu mzima anaweza kujifunza hii?"

"Kama anaweza kuhesabu mpaka nne na kurudi moja, anaweza."

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Novemba 2009 alifanya mtihani wa gredi ya kwanza. Alivaa suti yake ya harusi, akapanga foleni kwenye baraza pamoja na watoto wa miaka minane na mama zao. Msimamizi aliyekuwa akiita majina alimfahamu, akafurahi kweli kweli. "Fundi! Afadhali umekuja, choo cha wasichana kimeziba tangu jana!" Marehemu hakuwa na ulimi wa kumkatalia mtu. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akazibua choo, akanawa, akarudi kwenye foleni na shati limelowa mpaka kiwikoni. Alifaulu. Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe mezani akicheka, na sisi tukaichukua, tukaifanya fimbo ya kumchapia miaka kumi.

Gredi ya pili alifaulu mwaka 2011, ya tatu 2013, ya nne 2015. Alikuwa akilenga ya tano, kwa sababu aliyefaulu hiyo, shule ilimruhusu kufundisha wanaoanza. Mgongo ulikuwa umekwisha kwa kujikunja chini ya masinki. Alitaka kuweka chini spana na kuitwa mwalimu, hata na mtoto mmoja. Hilo ndilo lililokuwa likimtoa kitandani alfajiri.

Nyumbani alinunua kinanda cha umeme cha mtumba. Wiki ya kwanza mama alimwambia, "Baba nanihii, wenzako wa rika hili wanajiandaa kufa, wewe unajifunza do re mi?" Ikapitishwa sheria kwamba atapiga akiwa amevaa hedifoni. Kwa hiyo sisi tulisikia vidole tu vikigonga plastiki, tok, tok, tok, na hata hizo kelele tulizilalamikia. Binti mkubwa, huyo kifungua mimba, aliolewa Aprili 2016. Baba aliomba apige wimbo mmoja ukumbini, wimbo aliouandaa miezi minne. Binti akamjibu, "Sawa, baba," kisha akamnong'oneza mshereheshaji asahau kumwita. Marehemu alikaa na karatasi zake mapajani mpaka watu wakaondoka. Halafu akasaidia kukunja viti.

Mtihani wa gredi ya tano alianguka mwaka 2017, akaanguka tena 2018. Mara zote mbili mtahini aliandika kitu kilekile: noti ni sahihi, lakini anapiga kama mtu anayeogopa kusikika. Baba mkubwa aliomba karatasi hiyo aisome kwa sauti mbele ya wageni, akaisoma, na watu wakacheka hadi machozi. Marehemu naye alicheka, maana angefanya nini. Kuanzia hapo akawa anaenda kufanyia mazoezi shuleni, na kinanda cha nyumbani tukawekea nguo za kupiga pasi.

Maumivu ya tumbo yalianza Agosti 2019. Septemba madaktari walikuta saratani kwenye kongosho. Tarehe 16 Novemba, mwili umebaki mifupa na suti, alikwenda kufanya gredi ya tano mara ya tatu. Binti mkubwa alimpeleka, akamsubiri kwenye gari akisikiliza redio. Kupanda ngazi hakumshika hata mkono.

Matokeo yaliletwa nyumbani kutoka shule ya muziki tarehe 7 Januari mwaka huu, baba akiwa amelazwa. Jamani, sisi bahasha hizo tulikuwa wajuzi. Akifaulu, inakuja kubwa na ngumu, ndani mna cheti. Akianguka, inakuja nyembamba. Hii ilikuwa nyembamba. Binti mkubwa aliipapasa pale mlangoni, akasema moyoni, basi tena, akaitia kwenye mkoba bila kuifungua. Alijiambia kwamba anamwonea baba huruma.

Siku arobaini na tano marehemu aliuliza swali moja.

"Barua?"

"Bado, baba."

Mwalimu wake alifika hospitali tarehe 30 Januari, amevaa vizuri, anatabasamu. Binti alimzuia kwenye korido. Mwalimu akauliza, "Matokeo ameshayajua?" Binti akamjibu, "Ameshayajua. Tafadhali muache mgonjwa apumzike." Mwalimu akashukuru, akaondoka zake.

Tarehe 21 Februari, saa nne asubuhi, marehemu alimwambia muuguzi aliyekuwa akimbadilishia shuka, "Nadhani nimeanguka tena. Wangekuwa wameshaandika." Alifariki saa saba mchana. Alikuwa na miaka sitini na miwili.

Katika ratiba mlizopewa imechapwa kwamba mtihani wake wa mwisho hakubahatika kufaulu. Si kweli. Leo asubuhi, wakati wa kumvisha, binti aliona aibu kumzika baba na barua ambayo haijafunguliwa, akaifungua. Kufaulu ni alama mia moja kati ya mia na hamsini. Marehemu alipata mia na ishirini na saba. Barua inasema vyeti vimechelewa kwa mchapaji. Chini yake mwalimu ameandika kwa mkono: "Hongera sana. Nimekupangia wanafunzi wanne, Jumamosi saa tatu, tutakusubiri mpaka upone." Mama anayasikia haya sasa hivi, pamoja nanyi. Baba mkubwa naye, asitazame chini, hakuna wa kumchapa.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili na kaka mmoja. Ameacha pia watoto wanne wa gredi ya kwanza, ambao wiki sita zote walikuwa wakiulizia mwalimu wao mpya atakuja lini.

Mungu ampe pumziko. Sisi huruma tuliyokuwa nayo ndiyo hiyo mliyoisikia.